Mahame: Nyumba Zimebaki, Wenyewe Wako Wapi?

MSOMAJI mpendwa, bila shaka umewahi kuiona. Uko ndani ya matatu ukielekea mashambani kwa sikukuu, lami imekwisha na gari linarukaruka juu ya mawe, mara jicho lako linatua kwenye nyumba iliyo peke yake kando ya njia. Mabati yake yameliwa na kutu. Dirisha moja limepigiliwa mbao, jingine liko wazi. Mpapai umeota mahali palipokuwa sebule na sasa kichwa chake kinachungulia juu ya paa. Gari linapita, abiria wanaendelea na mazungumzo yao ya bei ya unga, lakini wewe unageuza shingo kuitazama mpaka inapotea nyuma ya kona.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini hugeuza shingo? Njiani umepita maduka mapya, shule zilizopakwa rangi na majumba ya ghorofa, na hukuyajali. Kilichokuvuta ni nyumba mbovu isiyo na faida kwa yeyote. Sababu ni kwamba nyumba ile ina swali ndani yake. Kuna mtu aliyechagua mlango utazame upande gani. Kuna mtu aliyepanda maua yale mawili kando ya ngazi. Hapo watoto walizaliwa, wakakemewa, wakavaa sare za shule na kwenda. Watu hao wako wapi leo?

Kiswahili kimetupa maneno mawili ya kufikiria jambo hili. Neno la kwanza ni gofu, nalo linahusu jengo lililobomoka. La pili ni mahame, yaani mahali palipohamwa. Gofu hukuambia habari za kuta. Mahame hukuambia kwamba kulikuwa na watu, na kwamba walikwenda mahali fulani. Katika makala haya tutazungumzia mahame, kwani huenda moja kati ya hayo ni lako.

MOTO UKIZIMIKA

Wengi hudhani nyumba huharibiwa na miaka. La hasha. Nyumba ya udongo na nyasi inaweza kuwatunza watu kizazi kizima, mradi tu kuna mtu anayewasha moto kila jioni. Moshi wa mafiga hupanda hadi kwenye nyasi za paa, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Akina mama hukandika kuta upya kwa udongo na samadi kila zinapopasuka. Siku moto unapozimika na mlango kufungwa, mchwa hupanda nguzo bila kusumbuliwa, mvua hupata tundu moja, na udongo wa chini ya ukuta huanza kumumunyika. Misimu michache ya masika hutosha.

Nyumba za mawe za pwani nazo zina ugonjwa wake. Paa zake nzito za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko. Chokaa ikipata ufa na asiwepo wa kuuziba, maji hufikia boriti, boriti huoza, na dari yote huporomoka siku moja. Kisha mizizi ya miti huja kumalizia kazi. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakitania.

Hata baada ya kuta kwenda, mahame huacha alama kwa mwenye macho. Miembe iliyosimama kwa mstari haikujiotea. Kuna mtu aliyeipanda. Nyasi zilizo nene na za kijani kibichi kuliko za jirani huonyesha palipokuwa na zizi la ng'ombe. Mkonge au mnyaa uliozunguka kichaka ulikuwa ua wa boma. Mawe matatu yaliyoungua yalikuwa jiko la mama fulani. Na ukiona tuta refu lenye jiwe kichwani, vua kofia, kwani hapo wenyewe hawakuhama.

KUTA ZISIZO NA MAJINA

Hebu sasa twende Gede, takriban kilomita 15 kusini mwa Malindi. Ndani ya msitu ule kuna mji mzima wa mawe: msikiti mkuu, jumba la mtawala, na nyumba zilizokuwa na visima na vyoo vyake. Watu waliishi hapo kwa karne kadhaa, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 walikuwa wameuhama mji wao. Wengine husema visima vilikauka, wengine husema ni vita. Ajabu ni kwamba Wareno, ambao walikaa Malindi karibu karne nzima, hawakuutaja mji huo katika maandishi yao yanayojulikana.

Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua magofu hayo. Alipata vyombo vya kaure kutoka China, shanga, na vitu vingi vya nyumbani. Lakini hakupata majina ya wenye nyumba. Kwa hiyo nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kaburi moja lina tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na hiyo ndiyo husaidia kukadiria umri wa mengine.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco, na ni heshima kubwa kwa nchi yetu. Lakini hebu mfikirie mama aliyekuwa akitumia mkasi ule kukatia nguo za wanawe. Dunia nzima inaujua mkasi wake. Yeye mwenyewe hakuna anayemjua hata kwa jina la utani.

MAJINA YASIYO NA KUTA

Toka Gede, fuata vilima vilivyo nyuma ya pwani, nawe utafika kwenye makaya ya Wamijikenda. Nayo ni mahame. Zamani yalikuwa vijiji vilivyojengewa ngome katikati ya msitu, na wakazi walianza kuyaacha kidogo kidogo hadi kufikia miaka ya 1940 yalikuwa yamehamwa. Ukiingia leo hutaona jumba wala mnara. Utaona njia, malango ya msituni, makaburi na miti mikubwa. Nyumba zenyewe zilikwisha zamani.

Hata hivyo hakuna atakayekuambia kwamba wenyewe hawajulikani. Mgiriama atakuonyesha Kaya Fungo na kusema hapa ndipo kwetu. Wazee wanajua njia ipi hupitwa na nani, na mti upi haukatwi. Makaya hayo yaliingizwa katika orodha ya Unesco mwaka 2008, si kwa sababu ya mawe, bali kwa sababu kuna watu ambao hawakuacha kuyatunza na kuyasimulia.

Vivyo hivyo katika Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma lililozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, baadhi zikifikia mita nne na nusu. Familia za mwisho ziliondoka katikati ya karne iliyopita. Waluo huita boma la zamani lililohamwa gunda, na gunda huitwa kwa jina la aliyekuwa mwenyewe. Mtoto akipita na babu yake huambiwa, hapa ni gunda la fulani, baba yake fulani. Nyumba haipo, lakini jina limebaki hewani.

Msomaji, ukiyalinganisha haya utaona jambo moja. Gede kuta zimesimama na majina yamepotea. Kwenye makaya kuta zimepotea na majina yamesimama. Kwa hiyo kinachowafanya jamaa wasahaulike si kuanguka kwa nyumba yao, ni kukosekana kwa mtu wa kumsimulia mtoto.

WALIOANDIKWA NA WASIOANDIKWA

Katika Kaunti ya Nyandarua, kwenye bonde la Wanjohi, kuna mahame ya aina nyingine. Hapo ndipo masetla wa Kiingereza waliojulikana kwa anasa na ulevi walipoishi katika miaka ya 1920 na 1930, na wakaliita bonde hilo Happy Valley. Josslyn Hay, aliyekuja kuwa Earl wa Erroll, na mkewe Idina walijenga huko nyumba waliyoiita Slains, jina la ngome ya ukoo wake kule Uskoti. Erroll aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi Januari 1941, na hakuna aliyepatikana na hatia. Nyumba hiyo sasa ni gofu, na kuanzia 1962 mashamba makubwa ya eneo hilo yaligawanywa kwa wakulima wadogo, ambao wanalima viazi pale farasi walipokuwa wakikimbia.

Vitabu na filamu zimetengenezwa kuhusu mabwana hao. Lakini nani aliyekuwa akiwapikia? Nani aliyewasha moto wa kuni katika baridi ile ya Nyandarua, akawalea watoto wao na kuwatandikia farasi wao? Hao nao walikuwa na vibanda vyao pembezoni mwa shamba, na vibanda hivyo havikuacha hata jiwe. Iwapo nyanya yako alikuwa yaya huko, au babu yako mpishi, historia ya nyumba ile ni yako pia, tena sehemu ambayo haijaandikwa.

Na utajiri hauzuii nyumba kuwa mahame. Bwana Maurice Egerton alianza kujenga kasri lake Njoro mwaka 1938, vita vikamchelewesha, akalimaliza 1954. Vyumba 52. Aliaga dunia 1958 bila mke wala mtoto, na cheo cha ukoo wake kikaishia hapo. Leo kasri hilo hutembelewa na watalii na maharusi wanaotaka kupigwa picha.

YALIYO KARIBU NASI

Lakini mahame yaliyo mengi nchini hayana watalii. Yako vijijini kwetu, na kila moja lina sababu yake.

Kuna yaliyofungwa kwa sababu ya kazi: baba alipata ajira Mombasa, watoto wakasomea huko, wakaoa huko, na safari ya nyumbani ikawa ya mazishi tu. Kuna yaliyofungwa na Ukimwi, ugonjwa ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Katika vijiji vingi vya Nyanza na Magharibi baba alikwenda, mama akafuata, na watoto wakagawanywa kwa mashangazi na wajomba. Watoto hao sasa ni watu wazima. Baadhi yao hawajui hata njia ya kufikia nyumba walimozaliwa. Na kuna yaliyofungwa kwa moto, katika ghasia za 1992, 1997 na zile za baada ya uchaguzi wa 2007. Huko Bonde la Ufa utapita kando ya kuta nyeusi zisizo na paa, na usidhani wenyewe walikufa. Wengi wako hai mahali pengine, na hati ya shamba wanayo sandukuni.

Mkenya hutofautisha nyumba na nyumbani, na tofauti hiyo iliwahi kufikishwa hadi Mahakama ya Rufaa. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini nyumbani kwake ni kwa wazee wake. Kesi ilivutana, nchi nzima ikifuata magazetini, mpaka marehemu alipozikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo chake. Uwe ulikuwa upande wa mjane au wa ukoo, kesi ile ilituonyesha kwamba boma la mashambani, hata likiwa limefungwa mwaka mzima, kwa wengi ndilo linalosema wewe ni nani.

Sasa, ikiwa boma lina uzito kiasi hicho siku ya kuzikwa, mbona hatulijali tungali hai?

HATI YA MAREHEMU

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la huzuni tu na kuwa la mali. Kuanzia mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba mengi yaliandikishwa kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mkuu wa familia. Babu akafa. Baba akafa. Hati bado ina jina la babu. Nyumba imefungwa, na kila mmoja wa wajukuu anadhani mwingine anashughulikia.

Yafuatayo ni mambo ambayo kila mwenye mahame anapaswa kuyajua.

Kwanza, mtu akiingia katika shamba lako waziwazi bila idhini yako, akalima na kukaa kama mwenyewe kwa miaka 12 mfululizo bila kupingwa, sheria inamruhusu kwenda mahakamani kuomba shamba hilo liwe lake. Kwa hiyo jirani anayelima hapo kwa wema afanye hivyo kwa makubaliano, ikiwezekana yaliyoandikwa. Hiyo si kumshuku, ni kulinda ujirani.

Pili, hakuna mjukuu anayeweza kuuza kipande cha shamba la babu kabla ya mahakama kumteua msimamizi wa mirathi. Kufanya hivyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981. Anayenunua pia hujitafutia kesi.

Tatu, sheria hiyo haimbagui mtoto wa kike. Binti aliyeolewa, dada aliyerudi nyumbani, wote huhesabiwa miongoni mwa watoto. Waislamu huweza kufuata sheria ya dini yao katika Mahakama ya Kadhi.

Nne, safari yenyewe si ya ajabu kama watu wanavyodhani. Huanza na cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha upekuzi katika ofisi ya ardhi. Ombi hupelekwa mahakamani na tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze katika siku 30. Baada ya msimamizi kuteuliwa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya uteuzi kuthibitishwa na mali kugawanywa. Kinachochelewesha familia nyingi si korti. Ni kwamba hakuna anayeweza kuwataja warithi wote. Chifu anauliza, mzee wenu alikuwa na wake wangapi? Wajukuu wanatazamana.

Unaona basi, msomaji, kwamba majina tunayoyapuuza tukiwa vijana ndiyo korti itakayotuuliza tukiwa watu wazima.

PICHA MOJA NA JINA

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha thamani ya kuandika. Wagiriama huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Familia ikihama, vigango havihamishwi; hubaki kwenye boma la zamani kama walinzi. Wezi walilijua hilo. Vigango vingi viling'olewa kwenye maboma na kuuzwa ng'ambo kama mapambo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango vyake viwili. Haikupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 mtaalamu huyo alikitambua kimoja kati yake katika mkusanyo wa makumbusho huko Marekani, kwa sababu picha alikuwa nayo na jina la mwenyewe alilijua. Cha pili kilipatikana pia. Vyote viwili vilirudishwa Kenya, na mwaka 2007 vikakabidhiwa jamaa. Fikiria ni vingapi ambavyo havitarudi kwa kuwa hakuna aliyevipiga picha wala kuandika vilikuwa vya nani.

Basi ukienda nyumbani Desemba ijayo, fanya mambo machache. Mketishe shangazi au mjomba aliye mkongwe kuliko wote, umwulize majina: babu, baba yake babu, wake wote, watoto waliokufa wachanga, mabinti walioolewa mbali na mahali walipoolewa. Andika kwenye daftari, kwani simu hupotea. Tembea naye kwenye boma akuonyeshe kila kaburi na kila mti, nani aliupanda. Piga picha, uandike nyuma yake au chini yake majina na mwaka. Uliza hati iko wapi. Halafu fungua madirisha, washa moto, utie upepo ndani. Kama hakuna wa kuishi hapo, afadhali kumpa kijana wa ukoo aishi bila kodi kuliko kuipa mchwa.

Na ukipita kando ya nyumba isiyo yenu, usiingie kwa fujo. Kuna visima vilivyofunikwa na magugu, nyuki, nyoka, na paa linalongoja kuguswa. Usiokote kitu, hata kigae. Mwulize mzee wa hapo jirani, kwa heshima, nyumba hii ilikuwa ya nani. Mara nyingi atafurahi kuulizwa, kwa sababu huenda yeye ndiye wa mwisho anayejua, na ana miaka mingi hajapata wa kumwambia.

Mkataa kwao ni mtumwa, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini wengi wetu hatujakataa kwetu. Tumeahirisha tu, likizo baada ya likizo, huku shangazi akizidi kuzeeka na hati ikizidi kukunjika sandukuni. Msomaji, wewe unaweza kuwataja wazee wako wangapi, kwa majina, ukirudi nyuma? Ukiishia wa tatu, safari hii usipite tu ukageuza shingo. Mwambie dereva akushushe.